Ramani ya Betri Ianzie Kwenye Steji

Kwenye steji moja ya boda boda kando ya barabara ya Lunga Lunga, upande wa Viwandani hapa Nairobi, kuna daftari ambalo jalada lake limeshikiliwa kwa selotepu. Hukaa kwa mwekahazina. Ndani yake zimo zamu za wanachama, michango ya kila jioni, faini za waliogombana, na majina ya waliofiwa wakachangiwa nauli ya kwenda kuzika. Kurasa za nyuma zina hesabu nyingine: wateja wa kudumu wanaolipa mwisho wa wiki. Akina mama wanne wa mboga, Marikiti, saa kumi na nusu alfajiri. Wafanyakazi wa zamu ya usiku wanaotoka kiwandani saa kumi na mbili. Mtoto wa shule anayetembea kwa magongo, kwenda na kurudi. Mama mjamzito, na mbele ya jina lake neno moja tu, la hospitali ya kujifungulia: Pumwani.

Nilikuwa nimeenda pale kuulizia pikipiki za umeme. Wanachama watatu wameshazichukua kwa mkopo wa lipa mdogo mdogo, wengine wanazitazama kwa hamu na kwa woga. Mmoja wa hao watatu, kijana mpole aliyekuwa akifuta vumbi kwenye taa ya pikipiki yake, aliniambia kwamba kila betri inapokaribia kuisha humbidi aache abiria, avuke barabara kuu, apange foleni kwenye kituo cha kubadilishia betri, kisha arudi. Siku mbaya humla saa nzima. "Mama, stima ni nafuu kuliko petroli, hilo sikatai," alisema. "Lakini kile kituo kiliwekwa na mtu ambaye hajawahi kubeba abiria."

Maneno hayo hayajanitoka kichwani. Wiki chache kabla yake nilikuwa nimeketi katika ukumbi wenye viti vya kitambaa, Jumanne saa tatu asubuhi, kwenye kikao kilichoitwa cha kukusanya maoni ya wananchi kuhusu usafiri wa umeme. Ukutani palikuwa na ramani ya jiji yenye vitone vya kijani kuonyesha chaja zilizopo na zinazokusudiwa. Vitone vilisongamana Karen, Westlands na Upper Hill, vikafuata barabara kuu ya kwenda Mombasa, vikaisha. Mukuru, Mathare, Korogocho na Kayole palikuwa peupe. Mama mmoja aliyeketi nyuma aliuliza kwa nini kwao hakuna kitone hata kimoja. Akajibiwa kwa upole kabisa kwamba mahitaji ya huko bado hayajaonekana. Waendesha boda boda waliokuja walikuwa wawili. Mmoja aliondoka wakati wa chai, kwa sababu hesabu ya mwenye pikipiki haingojei mkutano.

Mahitaji hayajaonekana! Natamani wakati ule ningekuwa nalo lile daftari nililoliona baadaye, nilifungue mbele yao ukurasa baada ya ukurasa.

Ninachotaka kusema leo ni kwamba watu wa mitaa iliyosahaulika wanapaswa kuitwa kabla ramani ya vituo vya kuchajia haijachorwa, na wawe na uwezo wa kukisogeza kitone. Kuwaita baada ya kazi kwisha, ili waone picha ukutani na kutia sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria, ni kuwapotezea siku ya kazi. Na siombi hili kama hisani. Wao ndio wenye habari ambazo mpango wenyewe hauwezi kufaulu bila hizo.

Tuikumbuke historia ya boda boda yenyewe. Hakuna wizara iliyoipanga. Ilianzia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, baiskeli zikivusha watu na mizigo kutoka boda hii hadi boda ile, na jina likabaki. Serikali ilipoondoa ushuru wa pikipiki ndogo mwaka 2008, biashara ikafurika nchi nzima. Leo karibu kila njia panda, kila lango la hospitali, kila mwisho wa lami pana steji. Hakuna aliyetumwa na afisi ya mipango kuziweka pale. Vijana walisimama mahali, wakangoja. Penye abiria wakabaki, pasipo na abiria wakahama. Kila steji unayoiona imeshapita mtihani ambao hakuna dodoso linaloweza kuutoa. Ukiziandika steji zote za Mukuru kwenye karatasi, na saa ambazo hujaa na saa ambazo hulala, umepata ramani ya mahitaji ambayo mshauri wa kulipwa angeitafuta kwa miezi. Imeshachorwa, na walioichora wako hai na wanaweza kuulizwa.

Sasa tuje kwenye stima, maana hapa ndipo jambo lenyewe lilipojificha.

Kenya ina bahati ambayo nchi nyingi zinaitamani. Sehemu kubwa sana ya umeme wetu hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo. Usiku, viwanda vikipungua na watu wakilala, matumizi hushuka mno, na kule Olkaria mvuke ambao ungezungusha mitambo huachiliwa hewani kwa kukosa wa kuutumia. Kwa hiyo Aprili 2023 mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, ilipotangaza bei mpya, iliweka kundi maalumu la usafiri wa umeme: shilingi 16 kwa uniti, na nusu yake, shilingi 8, saa za usiku ambapo matumizi ni madogo, kabla ya kodi na tozo nyingine. Ni uamuzi wa busara, nami niliupongeza. Betri zichajiwe usiku kwa mvuke uliokuwa ukipotea, asubuhi zibebe watu kazini. Nani atapinga?

Lakini jiulize bei hiyo inamfikia nani. Inamfikia mwenye mita yake mwenyewe, iliyosajiliwa kwa matumizi hayo. Nenda Viwandani au Kwa Reuben, huko Mukuru, uone mita zilivyo. Ploti ya mabati yenye vyumba kumi na vitano mara nyingi ina mita moja, ya mwenye ploti. Katika bei hizo hizo za Aprili 2023, mteja wa nyumbani aliyetumia hadi uniti 30 kwa mwezi aliwekewa shilingi 12.22 kwa uniti, na aliyevuka uniti 100 akawekewa shilingi 20.97. Nafuu ile ya mwanzo ilikusudiwa maskini. Lakini mita moja ikilisha vyumba kumi na vitano, huvuka uniti 100 kabla ya mwezi kwisha. Kila chumba kina balbu moja na redio, pengine televisheni ndogo. Kwa kipimo chochote ni watumiaji wadogo. Ila mita haijui vyumba, inajua jumla. Matokeo yake wale waliokusudiwa kulipa kidogo kabisa wanaangukia bei ya juu kabisa, kisha mwenye ploti anaongeza chake juu.

Na hao ni wenye mita. Wengine wanatumia stima ya sambaza, ile inayovutwa kutoka nguzo hadi paa hadi paa, ukilipa kwa mwezi kwa mtu anayejulikana na kila mtu ila haandikwi popote. Waya huo hauwezi kuchaji betri ya pikipiki kwa usalama. Na hata ungeweza, chumba cha futi kumi kwa kumi chenye jiko, kitanda na watoto watatu si mahali pa kuchajia betri kubwa usiku kucha.

Ndiyo maana, kwa mtu anayeishi Karen, chaja ya barabarani ni nyongeza. Gari lake lina banda, banda lina soketi. Kwa mtu wa Mukuru, kituo cha mtaani ndicho cha pekee. Asipokipata karibu, hana pengine pa kwenda. Hesabu rahisi ingesema vituo vya umma vianze kwa wale wasioweza kuchaji nyumbani, lakini ramani niliyoiona ukutani ilianza kwa wale wanaoweza.

Naijua hoja ya wafanyabiashara, na siidharau. Anayeweka kituo cha kubadilishia betri ananunua betri nyingi kwa pesa nyingi kabla ya kupata shilingi ya kwanza. Anataka lami, anataka transfoma isiyolemewa, anataka ulinzi, anataka kiwanja ambacho hati yake haina mgogoro. Mitaa ya mabanda haina uhakika wa lolote kati ya hayo. Akienda Westlands, nani atamlaumu? Mimi simlaumu. Nasema tu kwamba haya yote ni maswali yenye majibu, na wenye majibu ni wakazi.

Transfoma ipi hulipuka saa moja jioni watu wanapopika, na ipi huvumilia? Muulize fundi yeyote wa mtaa. Maji ya mto Ngong yalifika wapi katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024? Ukutani mwa nyumba za Kwa Reuben utaonyeshwa kwa kidole. Kiwanja kipi kina kesi, kipi ni cha kanisa ambalo mzee wake angekubali kukodisha kona moja kwa bei ya haki? Ni njia ipi ambayo mwanamke haipiti baada ya saa mbili usiku hata ukimlipa? Mhandisi anaweza kupima umeme kwa vifaa vyake, na namheshimu kwa hilo, lakini kifaa cha kupima woga hana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kuna jambo jingine, zito zaidi, na nitalisema ingawa ni chungu kwa wengi wa Lunga Lunga mpaka leo. Septemba 12, 2011, asubuhi, petroli ilivuja kutoka bomba lililopita karibu na kijiji cha Sinai, ikaingia kwenye mtaro, watu wakakimbilia kuichota kwa ndoo na mitungi, kisha moto ukawaka. Zaidi ya watu mia moja walikufa. Tangu siku ile hutasikia mtu wa eneo hilo akizungumzia kawi kama mazungumzo mepesi. Bomba lilibeba mafuta ya nchi nzima na ya majirani zetu. Nyumba zilizolizunguka ziliishi na hatari yake bila kuwa na mgao wala kauli. Baadaye maneno yalikuwa mengi kwamba watu hawakupaswa kujenga pale. Kidogo sana kilisemwa kuhusu miaka yote ambayo kila mtu alijua kwamba wapo pale.

Betri za lithiamu si petroli, na kituo kinachofuata kanuni ni salama. Lakini betri iliyoharibika, ikachajiwa kwa chaja isiyo yake, kwenye waya wa sambaza, ndani ya nyumba za mabati zilizopakana, inaweza kuwasha moto ambao gari la zima moto halitaufikia kwa sababu njia ni nyembamba. Mama aliyempoteza mtu Sinai ana haki ya kuuliza: betri mbovu zitawekwa wapi? Nani atakuja usiku moshi ukitoka? Nambari ya simu ni ipi, na itapokelewa? Akiulizwa mapema, maswali yake yatakiboresha kituo. Asipoulizwa, atakipinga, na atakuwa na sababu.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ya kushirikisha kila mtu ni mazuri vitabuni, lakini mtaa wa watu laki kadhaa utauuliza vipi? Jibu liko papo hapo Mukuru, na linanishangaza kwamba tumelisahau haraka hivi.

Mwaka 2017 serikali ya kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango. Mtaa wenye kaya zaidi ya laki moja, juu ya ardhi ambayo sehemu kubwa yake iligawiwa watu binafsi zamani, bila maji ya uhakika wala mitaro. Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakazi wa mitaa ya mabanda kilichoanza miaka ya tisini, pamoja na mashirika na vyuo vikuu, walikuwa wamefanya utafiti ulioonyesha kwamba wakazi wa Mukuru wanalipa zaidi kwa kila lita ya maji na kila uniti ya stima kuliko wakazi wa mitaa rasmi, na wanachopewa ni duni kuliko cha wenzao. Umaskini unatozwa ushuru wake. Makundi ya wataalamu yakaundwa, la maji, la makazi, la afya, la fedha na mengineyo. Lakini kiini kilikuwa chini: wakazi walijipanga kuanzia vikundi vidogo vya nyumba jirani, kila kikundi kikachagua wa kukisemea, wawakilishi wakakutana kwa kijiji, kisha kwa mtaa mzima. Ni ile ile desturi ya nyumba kumi tuliyoiazima kwa ndugu zetu wa Tanzania, ila mara hii ilitumika kupanga barabara na mitaro.

Kazi hiyo iliumiza vichwa. Upana wa barabara uliotajwa katika kanuni za jiji ungebomoa maelfu ya nyumba. Wakazi na wapangaji wakarudi mezani na kukubaliana njia nyembamba zaidi, ili wanaohama wawe wachache iwezekanavyo. Mwenye nyumba ambaye ukuta wake ungeguswa aliketi pamoja na jirani yake ambaye angepata mtaro, wakazungumza. Mwaka 2020 mipango ilikuwa tayari, na idara mpya ya huduma za jiji, NMS, ikaanza kujenga barabara, mabomba na hospitali ndani ya Mukuru. Nilitembea kwenye lami ile mpya na kuona wazee wakiikanyaga polepole, kama watu wanaohakikisha kwamba ni kweli.

Siwezi kuishia hapo nikajifanya hadithi ilikuwa njema yote. Mwishoni mwa 2021 matingatinga yaliingia Kwa Njenga kupisha barabara, na maelfu ya watu wakalala nje, katika mtaa ule ule uliokuwa umejipanga kwa miaka mitatu. Barabara moja ilitoka ngazi ya juu, nje ya makubaliano, ikapita juu ya yote. Watu hawakusahau. Ukienda leo kuwaambia wakazi waje kwenye kikao cha vituo vya betri, watu wazima watakutazama usoni na kukuuliza: tukikwambia mahali, mtakuja kutuondoa hapo? Swali hilo lazima lijibiwe kwa maandishi kabla ya jingine lolote. Kituo cha kisasa hupandisha thamani ya kiwanja, na thamani ikipanda, mwenye hati aliyekuwa kimya miaka thelathini hukumbuka ardhi yake.

Sheria haina upungufu. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinataja ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inazitaka kaunti zitoe habari kwa wakati na kwa njia ambayo mwananchi anaweza kuitumia. Mwaka 2014 Mahakama Kuu, kwa kauli ya Jaji Odunga katika kesi ya Gakuru dhidi ya gavana wa Kiambu, ilifuta sheria ya fedha ya kaunti nzima kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Msimamo wake ulikuwa kwamba ushirikishaji uwe wa kweli, usiwe desturi ya kutimiza masharti tu. Mwaka 2023 EPRA ilitoa miongozo ya vituo vya kuchajia na kubadilishia betri, na Machi 2024 serikali ikazindua rasimu ya sera ya kitaifa ya usafiri wa umeme. Makaratasi tunayo. Tunachokosa ni mtu wa kuyabeba hadi Lunga Lunga saa nane mchana.

Nasema saa nane mchana kwa makusudi. Ndiyo saa ambayo steji hulala. Abiria wa asubuhi wameshafika, wa jioni hawajatoka. Mkutano wa saa tatu asubuhi umewafukuza watu kabla ya kuanza. Akina mama wa mboga wao wana nafasi saa tano, baada ya kupanga sokoni na kabla ya wateja wa chakula cha mchana. Wakutanishwe peke yao, maana mbele ya vijana wa steji hawatasema kuhusu ile njia ya giza. Karatasi ziwe za Kiswahili, na si Kiswahili cha kutafsiriwa na mashine usiku wa kuamkia mkutano. Na watu walipwe. Mshauri anayekuja kueleza analipwa, dereva aliyemleta analipwa, mwenye ukumbi analipwa. Kwa nini mwenye habari ndiye apewe soda? Nauli na thamani ya saa mbili za kazi si hongo, ni haki ya mtu aliyeacha riziki ili aisaidie serikali kufikiri.

Kisha yaandikwe yaliyosemwa na yaliyokataliwa, kila moja na sababu yake, na karatasi hiyo ibandikwe pale pale steji. Nimehudhuria vikao vya kutosha kujua mahali maoni hufia: baina ya daftari la mwandishi wa mkutano na ripoti ya mwisho. Mtu akisoma kwamba pendekezo lake lilikataliwa kwa sababu transfoma ya hapo ina uwezo mdogo, ataelewa, pengine atapendekeza nyingine. Asiposoma lolote, hatarudi.

Na tusidhani watauliza mahali tu. Kijana yule wa Lunga Lunga alikuwa na orodha. Betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya nyingine, kwa hiyo aliyenunua pikipiki amefunga ndoa na vituo vya kampuni hiyo. Vikihama, anahama navyo au anaegesha. Pikipiki inaweza kuzimwa kutoka mbali malipo yakichelewa, na yeye anaogopa izimwe usiku akiwa na abiria mgonjwa. Pia hawezi kuipeleka kwao Siaya Krismasi, kwa sababu betri moja itamfikisha kilomita sabini au themanini hivi na njiani hakuna pa kubadilisha. Kwa mpangaji, hili la Krismasi litaonekana dogo. Kwa mwenye pikipiki, chombo kisichoweza kukupeleka kwa mama yako bado si chako. Haya ni maswali ya viwango, ya mikataba na ya ushindani, na yote yalitoka kwa mtu aliyekuwa akifuta vumbi kwenye taa.

Haraka nayo ina hoja yake, nami naisikia. Kigali imeshaamua: tangu Januari 2025, pikipiki mpya za kubeba abiria zinazosajiliwa jijini humo ni za umeme. Wengi hapa kwetu wanaitazama Rwanda na kusema, tuache maneno, tufuate. Oktoba 2023 petroli ilipovuka shilingi 217 kwa lita hapa Nairobi, nami nilitamani pikipiki zote zibadilike usiku mmoja; niliona waendeshaji wakisukuma pikipiki kwa miguu kwenye mteremko ili kuokoa matone. Mapafu ya watoto wanaoishi kando ya barabara hizi pia hayana muda wa kungoja. Lakini kituo kilichowekwa pabaya hakiharakishi chochote. Kinakaa kitupu, mwenye nacho anapata hasara, kisha anatangaza kwamba watu wa mitaa hii hawako tayari kwa umeme. Ripoti inaandikwa, na sehemu ile ya ramani inabaki nyeupe kwa miaka kumi mingine.

Nairobi ina wadi 85. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa sasa unaishia 2027, na unaofuata utaandikwa mwaka ule ule wa uchaguzi, wakati ambapo kila mtu atakuwa akishangiliwa kwenye jukwaa na hakuna atakayesikiliza kitu kidogo kama mahali pa transfoma. Kwa hiyo kazi ya kuuliza ifanyike kabla ya hapo, na ianzie wadi za mashariki ya jiji, zile zilizokuwa nyeupe ukutani.

Nilirudi Lunga Lunga wiki iliyopita. Nilimweleza mwekahazina kuhusu kile kikao, ramani ile na jibu alilopewa yule mama wa nyuma. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua daftari lake kwenye kurasa za wateja wa kudumu, akapiga mistari miwili kwa rula. Kwenye safu ya kwanza ataandika kila siku mahali ambapo betri za wale watatu ziliishia. Ya pili ni ya saa ambazo stima ilipotea mtaani, na tayari alikuwa na la kuandika: Jumatatu, saa moja na robo jioni hadi saa nne. Kisha akaniuliza kama namjua mtu yeyote afisini ambaye angependa kuliona.